Trekta la Nyasi na Mteremko wa Zahanati

Jumatatu, 24 Machi 2025

Niwie radhi, shajara yangu. Tangu kabla ya Krismasi sijakufungua. Sababu ninayo, na si uvivu. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na la kushoto halikuwa hodari tangu ujana. Nilikuwa naandika mistari inapandana. Nikaona haya, nikaacha. Mwezi uliopita nilipasuliwa Mwanza, na leo nimepewa ruhusa ya kusoma na kuandika. Nimekukuta mezani umefutwa vumbi. Sikumwomba Eufrasia afanye hivyo. Mke wangu huyu.

Mvua ni nzuri mwaka huu. Pamba za watu zimesimama. Nyasi nazo zimesimama, na hapo ndipo penye shida.

Asubuhi nilikwenda parokiani kuutazama uwanja kwa jicho jipya. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya mali, lakini kwa muda wote wa ugonjwa nimekuwa mwenyekiti wa kusimuliwa. Uwanja wa tambarare mbele ya kanisa unapendeza. Mistari imenyooka kama daftari la mwanafunzi mwenye adabu. Lakini mteremko unaotoka kanisani kwenda zahanati haujaguswa. Nyasi zinafika magotini. Na hiyo ndiyo njia ya wagonjwa. Akina mama hupita pale na watoto mgongoni.

Shija nilimkuta amekaa juu ya trekta la nyasi, kalizima, anangoja lipoe. Ni trekta dogo la kukalia, visu viko chini ya tumbo. Aliliacha bruda mmoja mmisionari alipostaafu na kurudi kwao. Lilikuwa jekundu. Sasa lina rangi ya kila kitu kilichowahi kumwagika juu yake.

— Mwangaluka, Mwalimu.

Nikaitikia, nikauliza kuhusu mteremko. Akasema halipandi. Likiwa baridi linafika katikati. Likipata moto injini inalia vilevile, ila magurudumu hayapokei.

Shija ana mguu mmoja. Wa kushoto uliondolewa chini ya goti alipokuwa kijana, baada ya kuumwa na nyoka shambani kwa baba yake huko Bukundi. Trekta hili linaendeshwa kwa mguu wa kulia. Breki iko kushoto. Kwa hiyo Luhende, fundi wa mashine za kusaga, alichukua mkono wa plau kuukuu akauchomelea kwenye pedali ya breki, ukasimama kama fimbo ya chuma. Shija huusukuma kwa mkono, trekta linasimama. Anakata nyasi za parokia nzima bila kuomba msaada wa mtu. Sijapata kuona mtu anayezichukia nyasi ndefu kama yeye, na sihitaji kuuliza kwa nini.

Mayunga, mjumbe wetu mwenye ng'ombe wengi, alinifuata hadi getini. Anataka trekta liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, tuite vijana wenye mashine za begani. Ana hoja. Lakini mashine ya begani inataka miguu miwili. Hilo hakulitaja. Shija naye hakulitaja, ingawa alisikia.

Jumatano, 26 Machi 2025

Luhende amekuja. Utamsikia kabla ya kumwona. Alianza kumsalimia Eufrasia barabarani — "Mayu, mwalimu ameona? Ameona kweli, au anatuogopesha tu?" — akamaliza kicheko akiwa tayari ameingia chini ya trekta.

Amenieleza, na nimeelewa. Fundi anayeeleza namheshimu. Injini inazungusha puli. Puli inazungusha mkanda. Mkanda unapeleka nguvu nyuma kwenye gia boksi, na gia boksi hii haina gia za kubadilisha: ndani mna oili inayosukumwa, na msukumo wa oili ndio unaozungusha magurudumu. Basi wa kushukiwa ni watatu: mkanda, kitu kinachoukaza mkanda, na gia boksi yenyewe. Anaanza na wa bei rahisi.

Mkanda wa zamani umeng'aa kama sahani iliyolambwa. Kwa hiyo unateleza. Akaleta mkanda kutoka duka la vipuri vya mashine za kusaga. Nikamwuliza kama ni wa kipimo kile kile. Akasema ni ndugu yake.

Nikamwambia sikuuliza undugu.

— Mwalimu, huku kwetu kila kitu ni ndugu. Tujaribu.

Wamejaribu. Lilipanda mteremko mara moja, vizuri. Shija aligeuka juu, akashuka akikata, uso wake umetulia. Luhende akatangaza kwamba kazi imekwisha. Nilimwomba angoje lipate moto. Akasema mimi nasahihisha mtihani kabla haujafanywa. Labda.

Jumamosi, 29 Machi 2025

Haukuwa ndugu wa karibu. Lilipopata moto, mkanda mpya ulipiga yowe, likakwama chini kabisa, karibu na kalavati. Injini inaunguruma, magurudumu kimya.

Lisingeweza kuachwa pale. Mayunga, kwa haki nimwandike, hakungoja aombwe. Alileta maksai wake wawili waliokuwa wametoka kuvuta gari la mkokoteni, na nira yao, na mnyororo. Kwa wasiojua trekta hili: nyuma, karibu na gurudumu la kulia, kipo kijichuma. Ukikivuta nje, gia inaachia, na trekta linasukumika kama baiskeli. Usipokivuta, ng'ombe watavuta mpaka kitu kivunjike. Luhende alikivuta. Maksai wakapanda nalo polepole, Shija juu yake anashika usukani, wauguzi wa zahanati wametoka nje kutazama.

— Namhala — Mayunga aliniambia, akimaanisha mzee — tangu lini mjukuu akabebwa na babu zake mbele ya watu?

Watu walicheka sana. Shija alicheka pia. Lakini nilimwona alipofika juu. Hakushuka upesi.

Jumatatu, 31 Machi 2025

Siku mbaya. Nitaandika kifupi.

Luhende ametafuta mkanda wa kipimo kamili. Umepatikana Nyashimo kwa mtu mwenye mashine kama hii iliyokufa. Ameufunga asubuhi. Injini imewaka, Shija amekanyaga, trekta halikusogea hata kidogo. Hata kwenye tambarare. Juzi lilikuwa dhaifu. Leo ni maiti.

Luhende aliweka sikio kwenye gia boksi. Akaigonga. Akaweka sikio tena. Mwishowe akasema gia boksi imekufa, pengine ng'ombe walilivuta kwa nguvu mno. Mayunga akasema ng'ombe wake wasisingiziwe.

Paroko, Padre Constantine, ameitisha kamati Jumamosi ya tarehe 12, mkesha wa Jumapili ya Matawi. Ajenda moja: kuuza au kutouza.

Shija aliuliza kama anaweza kuliosha. Nikauliza, kuliosha kwa sababu gani? Akasema ni Jumatatu. Jumatatu huliosha. Akachota maji, akaegemea gongo moja, akaliosha lote, hadi chini ya kiti.

Jumanne, 1 Aprili 2025

Hili nitaliandika lote.

Nilikuwa natoka misa ya asubuhi. Luhende yupo mlangoni mwa kanisa, ovaroli kavaa upande mmoja, anapumua kama aliyekimbia, na alikuwa amekimbia kweli. Baiskeli imelala chini.

— Mwalimu, ni kile kijichuma. Nilikivuta Jumamosi. Sikukirudisha.

Alikumbuka akinywa uji, kijiko kikiwa mdomoni. Gia boksi haikufa. Gia iliachiwa kwa ajili ya maksai, na hakuna aliyeifunga tena. Jana kutwa tulikuwa tunamwombolezea aliye hai. Mimi nilikuwepo. Shija alikuwepo. Wote tulimwona akikivuta, na wote tuliyasahau hayo kwa kuwa tulikuwa tunawatazama ng'ombe.

Tukaenda. Akakisukuma kijichuma kwa kidole gumba. Kikaingia. Shija akawasha, akakanyaga, likaondoka.

Sasa, angeweza kunyamaza. Angeweza kuja mchana, akalala chini ya trekta kwa muda wa heshima, akagonga hapa na pale, akainuka na kusema amefufua gia boksi. Tungemsifu na kumlipa. Hakufanya hivyo. Alimwambia Paroko. Aliwaambia wauguzi. Alimwambia mama wa maandazi. Kisha akapanda baiskeli kwenda kwa Mayunga, kwa sababu yeye ndiye mwenye hoja ya kuuza na ndiye aliyesikia ng'ombe wake wakisingiziwa.

Mayunga alidhani ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Alimfukuza. Luhende akarudi mara ya pili akiwa na Shija amepakiwa nyuma ya baiskeli, magongo yamefungwa kwenye fremu, kama shahidi. Mayunga akaja mwenyewe kuona. Akazunguka trekta. Akasema:

— Kumbe mjinga wa leo tunaye, na ana spana.

Luhende alicheka kuliko wote.

Nimefundisha miaka mingi. Nimekaa na maprofesa, maafisa elimu na mapadre. Walioweza kusema "nilikosea" mbele ya waliowasikia wakitamba nawahesabu kwa vidole, na vidole vinabaki. Wengi wao walisema kwa uso wa mtu anayemeza kwinini. Huyu alisema kama anayeleta habari za mtoto kuzaliwa.

Ijumaa, 4 Aprili 2025

Ugonjwa wa mwanzo ungalipo. Trekta linakwenda tambarare, mkanda ni wa kipimo, kijichuma kimo ndani (sasa kila mtu anakikagua, hata mama wa maandazi). Mteremkoni bado magurudumu yanakataa likipata moto.

Leo Luhende ameinua nyuma kwa matofali ili magurudumu yawe hewani. Akalala kifudifudi, macho kwenye mkanda. Shija juu, injini inawaka. Luhende anaagiza: kanyaga, achia, kanyaga. Nilikuwa nimesimama kando na mwavuli, kwa kuwa jicho bado halipendi jua.

Mkanda ulikuwa unateleza. Hata mimi niliuona: puli inazunguka, mkanda unasitasita. Mara ukashika, magurudumu yakazunguka kwa nguvu. Kisha ukateleza tena.

— Umefanya nini? — Luhende alipaza sauti chini kule.

— Sijafanya kitu.

— Umefanya.

— Nimejishika tu. Nilikuwa nateleza kitini.

— Umejishika wapi?

Shija alionyesha. Alikuwa ameushika ule mkono wa breki, kwa juu, akajivutia.

— Jishike tena.

Akajishika. Mkanda ukashika. Akaachia. Mkanda ukateleza. Wakarudia mpaka hakuna aliyekuwa na shaka.

Nilieleza hapo nyuma kwamba breki ni chuma cha plau kilichochomelewa. Sikujua kwamba breki hiyo, ikibonyezwa, kwanza hulegeza mkanda ili magurudumu yasipokee nguvu. Ni busara ya aliyeitengeneza. Lakini chuma cha plau ni kizito, nacho kimeegemea mbele. Uzito wake wenyewe unabonyeza pedali kidogo, wakati wote, usiku na mchana. Zamani springi inayoukaza mkanda ilikuwa changa ikaubeba. Springi imezeeka. Kwa hiyo trekta limekuwa likipanda mteremko huku limeshikwa breki na fimbo ile ile iliyofungwa ili Shija aweze kuliendesha.

Luhende alitoka chini, akakaa kwenye nyasi. Safari hii hakucheka.

— Basi ni mimi — alisema. — Miaka yote hii ni mimi.

Akaomba msumeno, aukate mkono ule pale pale. Shija akauwekea kiganja.

— Usiukate. Huu ndio mguu wangu.

Luhende akakipapasa chuma kile. Kisha Luhende akauliza mpini wa jembe unaweza kupatikana wapi. Nilirudi nyumbani mwenyewe, nikachukua jembe la Eufrasia nyuma ya jiko, nikang'oa mpini. Ni mti mwepesi na mkavu. Luhende akakata chuma cha plau, akabakiza kipande kifupi cha kuchomekea, akafunga mpini kwa boliti mbili. Kisha akakata ukanda wa tyubu ya baiskeli, akaufunga kutoka kwenye mpini hadi chini ya kiti, uuvute nyuma usiegemee. Shija akajaribu breki. Inashika. Akaachia. Inarudi yenyewe.

Lilipanda mteremko mara tatu mfululizo.

Eufrasia ameuliza jembe lake limepatwa na nini. Nimemweleza. Akasema, "Ningepewa taarifa ningetoa lile jipya, mpini wake ni mwepesi zaidi." Kisha akaliweka jembe lisilo na mpini mbele yangu. Kesho nitakwenda sokoni kununua mpini.

Jumapili, 6 Aprili 2025

Jumapili tulivu. Baada ya misa watu walisimama mteremkoni kuongea, kwa kuwa sasa panasimamika. Chini kwenye kalavati bado kuna nyasi. Shija amesema atamaliza kesho.

Mpini nimenunua. Eufrasia ameupokea kwa mikono miwili, akaupima uzito kama anayepima samaki.

Jumatano, 9 Aprili 2025

Tumeshukuru mapema. Mvua ya jana na juzi ilizirudisha nyasi kwa kasi, na leo Shija alikata tangu asubuhi bila kupumzika, tambarare yote, kisha mteremko. Mara mbili lilipanda. Mara ya tatu, moto umekolea, likapungua, likapungua, likasimama pale pale palipozoeleka.

Luhende amekagua wa kushukiwa wawili wa kwanza. Mkanda umeshika. Springi na tyubu vinafanya kazi. Amebaki wa tatu. Oili ya ndani ya gia boksi ni ile ile tangu enzi za bruda; imekuwa nyepesi kama maji, na ikipata moto haina nguvu ya kusukuma. Ibadilishwe, basi? Hapo ndipo penye kisiki. Gia boksi hii ilitengenezwa ifungwe moja kwa moja. Haina tundu la kumwagia oili. Ili kuibadilisha, lazima ishushwe, ipinduliwe, ifunguliwe, na mle ndani mna vipande vidogo vinavyokaa kwa mpangilio wao.

— Umewahi kufungua ya namna hii?

— Ya namna hii, hapana. Za mashine za kusaga, nyingi.

— Ni ndugu zake?

Alinitazama, akatikisa kichwa.

— Hapana, Mwalimu. Hizi si ndugu. Naweza kuifungua. Naweza pia kuiua. Sitakudanganya.

Hilo ndilo lililo mbele ya kamati. Likiachwa hivi, mteremko hautakatwa wakati wa mvua, na mteremko ndio sababu ya trekta kuwepo. Likiuzwa leo, linauzwa linatembea. Likifunguliwa likafa, tutakuwa na chuma, na Shija atakuwa na magongo.

Ijumaa, 11 Aprili 2025

Nilipita mapema kuona kama njia ya maandamano ya Matawi iko safi. Mteremko umekatwa. Wote, hadi kwenye kalavati. Nilifurahi, na Mayunga aliyekuwa akipeleka maziwa kwa masista alisimama nami, akakiri:

— Kumbe limepanda. Hapo nimeshindwa, namhala. Kesho sitakuwa na la kusema.

Lakini jicho langu jipya linaona ukoka mmoja mmoja. Mashine ya visu hukata sawasawa. Hizi zilikatwa kwa viduara, fupi hapa, ndefu kidogo pale, na katikati ya viduara palilala alama pana, nyasi zimebanwa chini, mfululizo kutoka chini hadi juu. Kama vile mtu alivuta gunia.

Shija alikuja na magongo yake. Nilimwuliza mbele ya Mayunga, kwa kuwa sipendi habari za pembeni.

— Trekta limepanda?

Angesema ndiyo, hoja ya kuuza ingekufa pale pale. Mayunga mwenyewe alikuwa ameshaizika.

— Halikupanda, Mwalimu. Nimepanda mimi.

Alikata kwa mundu, amekaa chini, akijisogeza kwa makalio juu ya gunia. Jana jioni na leo kulipopambazuka. Apolonia, mke wake, alitangulia mbele na fimbo ndefu akizipiga nyasi, kwa ajili ya nyoka. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia, tungeita watu. Akajibu kwamba Jumapili akina mama watapita pale na matawi, na nyasi si za kamati, ni zake.

Mayunga alimtazama, akatazama gunia, akachukua dumu lake la maziwa akaenda. Hakuniaga. Kuondoka hivyo si desturi yake.

Mimi nilirudi nyumbani nikakaa. Eufrasia aliniuliza kama jicho linauma. Nikasema hapana.

Jumamosi, 12 Aprili 2025

Naandika haya kwenye kibaraza cha ofisi ya parokia. Kikao hakijaisha. Nimeomba mapumziko ya chai, na chai inapoa.

Wajumbe wanne wamepiga kura. Monika, mweka hazina wetu, na katekista wanasema lifunguliwe. Mayunga na Salvatory, mwalimu wa kwaya, wanasema liuzwe. Paroko hapigi kura. Inabaki ya mwenyekiti.

Mayunga alisema vizuri, na nataka ibaki imeandikwa kwamba hakusema kwa chuki. Alisema maksai wake akianza kulala njiani humpeleka mnadani angali anatembea, kwa sababu aliyelala kabisa hanunuliwi. Akaongeza kwamba alichokiona jana kwa Shija hajawahi kukiona, na kwa sababu hiyo hiyo hataki mtu wa namna hiyo afungwe kwenye mashine ya kubahatisha. Atafutiwe kazi nyingine. Salvatory akauliza, ipi? Mayunga akasema hajui, itafutwe. Kisha Salvatory akapiga naye kura ileile, ingawa aliuliza swali zuri.

Monika alisema mashine ya begani haijui wagonjwa. Shija anawajua. Hakuendelea.

Paroko alimwita Shija aingie. Alikaa kwenye benchi karibu na mlango, kofia kwenye goti. Akaulizwa anataka nini.

— Lifunguliwe, Baba.

— Likifa?

— Likifa nitajua limekufa. Sasa hivi kila nikiamka lazima nikaliulize.

Luhende naye aliulizwa kama ana uhakika. Akasema hana. Mara yangu ya kwanza kumsikia akisema hana na asimalizie na mzaha. Akaeleza atakavyofanya: atapiga picha kwa simu kila hatua, kila kipande atakiweka juu ya shuka nyeupe kwa mpangilio wake, na hatagusa kinachofuata kabla ya kukijua kilichotangulia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi kuhusu uchanganuzi wa sentensi, na hawakunisikia.

Maisha yangu yote sikuweka mali ya umma kwenye kubahatisha. Wanaonijua wanatarajia niseme liuzwe. Hata mimi, wiki tatu zilizopita, ningelisema hivyo bila kuomba chai.

Hapa kibarazani naona yote. Trekta liko uwanjani. Wingu limetoka upande wa Maswa, zito, na upepo umeanza. Luhende ametandika shuka, akaikunja tena kwa ajili ya vumbi. Shija amesimama kwenye magongo, anatazama mpini wa jembe la mke wangu, anazikaza boliti zake kwa vidole ingawa zimekaza.

Matone ya kwanza. Lazima lisogezwe chini ya paa la ghala. Luhende anainama nyuma ya gurudumu la kulia. Mayunga ameshavua koti, ameweka mabega, anasubiri kusukuma. Namsikia Luhende akimwambia:

— Namhala, wewe ni shahidi. Nimekivuta. Unikumbushe kukirudisha.

Na Mayunga, aliyepiga kura ya kuuza, anamjibu huku anasukuma, bila hata kuinua kichwa:

— Nitakukumbusha Jumatatu, ukimaliza kulifungua na kulifunga.

Sidhani kama amesikia alichokisema mwenyewe.

Paroko anagonga kikombe kwa kijiko, ananiita. Sitaandika jibu kabla ya kulisema mbele yao. Nikishalisema, liwe ndiyo au hapana, nitakufungua tena siku hiyo hiyo, na safari hii sitakuachia vumbi.